Ufa Hauzaliwi Motoni

Chungu kikipasuka wakati wa kuchomwa, lawama huangukia kuni au upepo wa siku hiyo. Mara nyingi moto unasingiziwa tu. Ufa ulishaanza siku kadhaa nyuma, chungu kilipoanikwa, na Same, mji ulio chini ya milima ya Upare, ni mahali pazuri pa kuona sababu yake.

Mawingu ya Bahari ya Hindi humwaga maji yake upande wa Gonja na juu kuelekea kilele cha Shengena, mita 2,462. Yakishavuka milima, mji wa Same huambulia zaidi upepo mkavu. Udongo ulioanikwa huko hauna subira.

Udongo wa mfinyanzi ni vibamba vya madini, vingi havifiki upana wa milimita 0.002. Maji hukaa kati yake, vikateleza kama karata zilizolowa bila kuachana. Ukitaka kuupima, viringisha kijiti chembamba cha udongo ukizungushe kidoleni: kikipasukapasuka, umepungukiwa maji au una mchanga mwingi. Lakini mchanga kiasi unatakiwa, kwani hupunguza kusinyaa na kuyapa maji njia ya kutokea.

Maji yakitoka, vibamba husogeleana. Chungu chenye upana wa sentimita 30 kikisinyaa asilimia 6, kimepoteza karibu sentimita 2. Hilo peke yake halina madhara. Balaa ni sehemu moja kutangulia nyingine: mdomo mwembamba, unaopigwa na upepo, hukauka kitako kingali kibichi. Mdomo unataka kupungua, kitako kinagoma, na udongo unachanika. Dawa yake ni kivuli, na kitambaa chenye unyevu juu ya mdomo.

Upareni ufinyanzi ni kazi ya akina mama, na ujuzi wao uko vidoleni. Kuna wakati udongo hauachi tena alama ukiubonyeza, ila ukucha bado unaukwaruza. Vibamba vimeshagusana, kusinyaa kumekaribia kwisha, na maji yaliyobaki hutoka bila kubadili umbo. Huo ndio wakati wa kukwangua kuta na kuzisugua kwa kokoto laini. Kwangu mimi hapa ndipo fundi hutofautiana na mwanagenzi, maana katika upepo wa Same wakati huo hauchelewi kupita.

Hata chungu kinachoonekana kikavu huweza kudanganya. Kiguse kwa shavu: kikiwa cha baridi, maji bado yanatoka, yakiondoka na joto. Yakikutwa na moto mkali hugeuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya awali, na vipande vinaruka. Kwa hiyo vyungu hupashwa polepole kwanza, hasa masika, hewa yenyewe ikiwa imejaa unyevu.

Kufikia hapo bado kuna kurudi nyuma. Tumbukiza chungu kikavu ndooni nacho kitakuwa tope. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi hutoka maji mengine, yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, na hayo hayarudishwi kwa kuloweka. Ndiyo maana kigae hustahimili mvua za karne nyingi. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alichapisha maelezo ya vigae vya kale vya kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Aina mojawapo huitwa Maore, jina la mahali palipo chini ya milima hiyohiyo, wilayani Same.