Jioni mbili za muziki: jazi mjini Lubumbashi, roki ng'ambo ya Kasumbalesa

Usiku mmoja jirani yetu, mzee mwenye heshima katika parokia, alibisha hodi mlangoni petu ameshika gitaa kwa shingo, kama mtu aliyemkamata kuku wa watu katika shamba lake. Gitaa hilo lilikuwa mali ya mwanawe, kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ambaye alilinunua kwa fedha ya kuosha magari wakati wa likizo. Alama zake za shule zilikuwa zimeshuka. Tena mzee alikuwa ameambiwa na mtu kwamba jazi na roki ni miziki ya Shetani.

"Ndugu mwandishi," akasema, "nishaurini. Kitu hiki nikiuze, au nikivunje?"

Tukamwuliza, "Baba, muziki wenyewe mmekwisha kuusikiliza?"

"Nimesikia kelele zake ukutani."

Basi tulipatana hivi: gitaa likae kwetu, chini ya kitanda, mpaka sisi wawili tumeusikia muziki huo kwa masikio yetu wenyewe, ukipigwa na watu walio hai mbele ya macho yetu. Baadaye mzee atakata shauri, na sisi hatutamzuia. Mwanawe aliposikia mapatano hayo hakusema neno, ila aliinama na kulipangusa vumbi lile gitaa kwa kiganja kabla hatujaliondoa. Jambo hilo lilitukaa moyoni kuliko maneno yote ya babake.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya jazi, katika ukumbi mmoja wa mji wetu wa Lubumbashi. Wapigaji walikuwa watano: mmoja na saksofoni, wa pili na tarumbeta, wa tatu penye piano, wa nne amesimama amelikumbatia zeze kubwa la besi linalomzidi kimo, na wa tano penye ngoma. Mzee wetu alitafuta madaftari ya nota, asiyaone. "Hawa wanasoma wapi?" akatunong'oneza.

Wasomaji wapendwa, hapo ndipo ulipo moyo wa jazi. Kwanza wote pamoja hupiga wimbo, ili kila msikilizaji aushike. Kisha mmoja hujitenga, akauchukua wimbo ule na kuugeuza apendavyo, huku wenzake wakimshikilia chini yake kama watu wanaoshika ngazi ili mwenzao apande. Akichoka humwachia mwingine. Mwishoni wote hurudi katika wimbo wa kwanza, nao sasa unasikika kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Anachokipiga yule aliyejitenga hakikuandikwa mahali, wala kesho hatakipiga vilevile. Wazee wetu wanaosimulia hadithi penye moto wanaijua kazi hiyo: kisa ni kilekile, lakini kila usiku kina mapito mapya.

Saksofoni, ambayo leo watu wengi huiona kuwa sauti yenyewe ya Marekani, ilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, aliyezaliwa Dinant mwaka 1814 na kupata hati yake ya uvumbuzi mjini Paris mwaka 1846. Na jazi yenyewe ilikua New Orleans, katika mji ambao zamani za utumwa watu weusi waliruhusiwa kukutana siku ya Jumapili katika uwanja mmoja, wakacheza na kupiga ngoma za kwao. Uwanja ule unaitwa Congo Square hata leo. Mzee wetu aliposikia jina hilo aliturudisha nyuma: "Mnasema Congo?" Ndiyo, tunasema Congo.

Karibu na saa tatu umeme ulikatika. Ukumbi ukawa giza tupu. Tulidhani mambo yamekwisha, hata watu wengine walianza kutafuta viatu vyao. Kumbe! Yule wa saksofoni hakuacha. Zeze kubwa likamfuata, kisha ngoma, pole pole, kwa fimbo zile za nyuzi laini. Walipiga gizani labda dakika kumi. Hapana mtu aliyekohoa. Umeme uliporudi tulimwona mzee amefumba macho, na hakuyafumbua mara moja.

Njiani kurudi alitusimulia jambo ambalo miaka yote ya ujirani hakuwa amelitaja. Marehemu babake alikuwa akiwaambia habari za Mmarekani mmoja mwenye tarumbeta na leso jeupe aliyefika Elisabethville. Mtu huyo ni Louis Armstrong. Alitua Léopoldville tarehe 28 Oktoba 1960, akabebwa na watu juu ya kiti kama mfalme, akapiga mbele ya umati mkubwa. Mwezi wa Novemba akafika Elisabethville, mji mkuu wa Katanga iliyokuwa imejitenga na nchi tangu Julai. Alipokuwa mtoto wa New Orleans alikuwa amepelekwa katika nyumba ya kurudi watoto kwa sababu alifyatua bastola barabarani mkesha wa Mwaka Mpya, na ni katika nyumba hiyo alimofundishwa vizuri kupiga tarumbeta. Mzee akacheka sana. "Kwa hiyo kuna watoto wabaya kuliko wangu," akasema.

Lakini hatupendi kuisimulia habari hiyo upande mmoja tu. Safari ya Armstrong ilisaidiwa na serikali ya Marekani, ambayo katika miaka ile iliwatuma wapigaji wa jazi pande nyingi za dunia ili ijipatie marafiki. Siku zile alipokuwa Léopoldville, Patrice Lumumba alikuwa amezuiliwa katika nyumba yake mjini humo. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na Elisabethville. Filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez iliyotoka mwaka 2024 imeyaweka mambo hayo mawili pamoja, tarumbeta na mauaji, na aliyeitazama huanza kuisikia tarumbeta ile kwa sikio jingine. Je, Armstrong alikuwa mtu wa kutumwatumwa tu? Hatudhani. Mwaka 1957 alikataa kupelekwa Urusi na serikali hiyohiyo, kwa hasira ya jinsi watoto weusi walivyozuiwa kuingia shuleni Little Rock. Na habari za kifo cha Lumumba zilipofika New York, waimbaji na wapigaji wa jazi, kama Abbey Lincoln na Max Roach, walikuwamo kati ya watu walioingia katika ukumbi wa Umoja wa Mataifa kupaza sauti zao, tarehe 15 Februari 1961. Muziki ni chombo; hushikwa na mikono mingi.

Tena wasomaji wetu wasichanganye majina. African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco, iliyoanza mwaka 1956, hazikupiga jazi ya New Orleans, zilipiga rumba. Vivyo hivyo Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania. Katika siku zile neno "jazi" kwetu Afrika lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa yenye magitaa na tarumbeta, wala hapana aliyelalamika.

Jioni ya pili tulivuka mpaka wa Kasumbalesa, kati ya malori ya shaba yasiyo na mwisho, tukafika Kitwe nchini Zambia. Hapo tulikwenda kwa kusudi. Katika miaka ya 1970 miji ya shaba ya Zambia ilizaa roki yake yenyewe, iitwayo Zamrock. Rais Kaunda alikuwa ameamuru redio ipige muziki wa nchi kwa sehemu 95 katika mia; na vijana wa migodini, waliokwisha kupenda magitaa makali ya Waingereza na Wamarekani, walitunga nyimbo za namna hiyo wao wenyewe. Bendi mashuhuri iliitwa WITCH, na mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Kisha bei ya shaba ikaanguka, nchi ikaingia katika ufukara, na baadaye ukimwi ukawachukua wengi wa wapigaji wale. Jagari akafundisha muziki, akachimba vito. Akiwa mzee alianza tena kuzunguka Ulaya na bendi yake yenye wapigaji wapya, akatoa sahani nyingine mwaka 2023.

Tuliowasikia sisi hawakuwa mashuhuri. Walikuwa vijana wa mji, katika ua wa nyumba moja, na mzee mmoja wa gitaa aliyekuja kuwasaidia. Tuseme kweli: bendi ya kwanza ilikuwa mbaya. Mwimbaji alipiga makelele tu, na kelele hizo zilitufika hata katika meno. Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango mwaka 2022, kwamba sauti katika mahali pa muziki isizidi kwa wastani desibeli 100. Sisi hatukuwa na kipimo, lakini tulitia pamba masikioni bila haya, tukampa na mzee. Kulikuwa pia na vijana waliolewa, na mmoja alituangukia. Mzee alitutazama kama mtu anayesema: mnaona?

Kisha yule mzee wa gitaa akapanda. Alipiga moja ya nyimbo za zamani za Zamrock. Gitaa lake lilikuwa na sauti yenye mchanga, iliyokwaruza, lakini chini yake ngoma ilikuwa ya kwetu kabisa, mwendo ambao hata mwanamke wa kijiji angeweza kuutwangia mtama. Tuliangalia chini. Kiatu cha mzee wetu kilikuwa kinapiga udongo.

Tulipokuwa tunangojea gari tulimweleza habari za Rosetta Tharpe. Huyo mama, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, aliimba kanisani tangu utoto wake, akapiga gitaa la umeme kwa nguvu kiasi kwamba watu wa roki wamemhesabu kati ya wazazi wao. Mwaka 2018 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la muziki huo. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za dini. "Mwanamke?" akauliza mzee. "Wa kanisani? Na gitaa la umeme?" Tulimkumbusha pia kwamba Missa Luba, iliyoimbwa kwanza Kamina, hapa hapa Katanga, mwaka 1958, ilianza na Padri Guido Haazen pamoja na watoto wa shule wenye ngoma, na kwamba wengine walidhani ngoma hazifai mbele ya altare. Hakujibu. Alilala garini mpaka mpakani.

Siku ya tatu alikuja kulitazama gitaa. Alilitoa chini ya kitanda, akaliweka magotini, akagusa uzi mmoja mmoja. Kisha akatoa hukumu: lisirudi nyumbani mpaka mtihani wa taifa upite, wala lisiuzwe, lakini kila Jumamosi alasiri kijana anaweza kuja kulipiga kwetu, saa mbili, akimaliza masomo.

"Kwetu?" tukasema.

"Nyinyi ndio mlioshauri," akajibu. Alifika mlangoni, akageuka. "Nimehesabu nyuzi. Ziko tano. Ya sita huuzwa wapi?"