Nyundo za Umeme za Kuvunjia Mwamba: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Yeyote aliyepata kusimama kando ya machimbo ya kokoto anaufahamu mlio wa nyundo ya haidroliki. Mtambo mzito umeinamisha mkono wake, patasi ya chuma imekita juu ya jiwe, na mapigo yanafuatana mpaka jiwe lipasuke. Nyundo za namna hiyo zilianza kuuzwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani mwaka 1967, na tangu hapo zimekuwa chombo cha kawaida migodini, kwenye machimbo ya mawe na katika ubomoaji wa majengo. Sasa wauzaji wanaleta nyundo za umeme, na wapo wanaowaambia wachimbaji wadogo na makandarasi kwamba zama za dizeli na mafuta ya haidroliki zimekwisha.

Katika madai hayo yamo ya kweli na yamo yasiyo ya kweli. Tumeandika makala hii ili kumsaidia mlaji kuyatenganisha, kwa kuwa mashine hizi hununuliwa kwa fedha nyingi, aghalabu fedha za kikundi au za mkopo. Tena, anayeshika mashine mbovu ya umeme ndani ya shimo lenye majimaji anahatarisha kitu kisichoweza kulipwa na dhamana ya duka.

Njia ya nguvu mpaka kwenye jiwe

Katika nyundo ya haidroliki nguvu husafiri mwendo mrefu. Injini ya dizeli huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa kupitia vali na mipira. Mafuta hayo huinua pistoni iliyomo ndani ya nyundo na kuibana gesi ya naitrojeni iliyo juu yake, kisha pistoni huachiwa, ikashuka kwa kasi na kuigonga patasi. Kila kituo cha safari hiyo hutoza ushuru wake, na ushuru hulipwa kwa joto. Ndiyo sababu mafuta yanayorudi kwenye tangi hulazimika kupozwa. Nyundo inayopokea lita 120 za mafuta kwa dakika, kwa shinikizo la bar 150, inalishwa kilowati 30, na injini imelazimika kutoa zaidi ya hizo ili hizo zifike. Aidha, injini haizimwi kila jiwe linapokwisha. Mwendeshaji anapolisubiri lori, dizeli inaendelea kuungua.

Umeme hufupisha safari hii, lakini si kila mashine inayoitwa ya umeme huifupisha kwa kiasi kilekile. Nyundo ya mkono, ambayo wengi wa wasomaji wetu ndiyo watakayoiona dukani, ina mota inayosukuma pistoni mbele na nyuma ndani ya silinda. Hewa iliyobanwa kati ya pistoni hiyo na kitu kizito kilicho mbele yake hukirusha kitu hicho kwenye patasi. Hapo hakuna pampu ya mafuta wala mipira ya kupasuka.

Ziko mashine nyingine ambazo mota ya umeme imechukua nafasi ya injini tu, na pampu ya haidroliki imebaki palepale. Ndivyo zilivyo roboti nyingi za kubomolea majengo, na ndivyo zilivyo nyundo nyingi zilizosimikwa juu ya vichujio vya mawe katika migodi mikubwa. Mashine hizi haziwafukizi moshi wafanyakazi walio chini ya ardhi, na hilo si jambo dogo: mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hata hivyo, mnunuzi ataendelea kununua mafuta ya haidroliki, vichujio, sili na mipira kama zamani. Swali moja litamfumbua macho: je, ndani ya mfumo huu kuna mafuta ya haidroliki?

Aina ya mwisho ndiyo mpya kabisa. Ni nyundo ya kufungwa kwenye mtambo wa kuchimbia, ambayo pistoni yake husukumwa moja kwa moja na sumaku za umeme zilizopangwa katika mstari ulionyooka. Wahandisi wa Finland ni miongoni mwa waliozitengeneza. Nyundo hii hutumia umeme wa kupigia wakati wa kupiga, na nguvu ya pigo inaweza kurekebishwa kulingana na ugumu wa jiwe. Tunaiona kuwa ndiyo itakayoshindana hasa na haidroliki katika machimbo makubwa. Lakini inahitaji mtambo wenye betri kubwa au kebo, na fundi anayeijua. Kwa mchimbaji mwenye leseni ndogo, ushauri wetu ni kutoweka fedha yake humo mpaka muuzaji aonyeshe vipuri vilivyopo nchini na fundi anayeweza kufika mgodini.

Kibandiko kinachojikana chenyewe

Nyundo za mkono huuzwa kwa namba tatu: wati, jouli na mapigo kwa dakika. Wati ni kiasi cha umeme ambao mashine inachukua. Jouli ni nguvu ya pigo moja. Wauzaji wengi huzitaja namba hizi kwa sauti kubwa kwa sababu wanajua kwamba wanunuzi wachache huzilinganisha. Kuzilinganisha ni kazi ya dakika moja: zidisha jouli kwa mapigo ya dakika, kisha gawanya kwa 60. Jibu ni wati zinazolifikia jiwe.

Tuchukue nyundo ya uzito wa kilo 30 hivi kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika. Kwa kawaida huandikwa wati 2,000, jouli 70 na mapigo 900. Zidisha 70 kwa 900, gawanya kwa 60, unapata wati 1,050. Yaani nusu ya umeme inafika kwenye patasi, na nusu nyingine imepotea katika mota, gia na hewa. Hiyo ni hali ya kawaida ya mashine njema.

Sasa tuseme kibandiko kingine kinadai wati 1,700, jouli 60 na mapigo 2,000. Hesabu ileile inatoa wati 2,000. Mashine hiyo inajinadi kuwa inatoa nguvu nyingi kuliko inayopewa, jambo lisilowezekana kwa mashine yoyote duniani. Angalau namba moja kati ya hizo tatu ni ya uongo, na mnunuzi hana njia ya kujua ni ipi. Kwa maoni yetu, jibu likizidi robo tatu ya wati zilizoandikwa, mnunuzi ana haki ya kutilia shaka. Likifikia wati zenyewe au kuzipita, aondoke dukani. Aulize pia iwapo jouli zimepimwa kwa utaratibu wa EPTA, chama cha watengenezaji wa zana za umeme wa Ulaya, kwa kuwa namba zilizopimwa kwa njia tofauti hazilinganiki.

Baada ya kibandiko lije jiwe. Nyundo iliyovunja kipande cha zege katika ua wa duka haijathibitisha lolote mbele ya matale ya Mwanza au mwamba wa kwatzi wenye dhahabu. Jiwe la matumbawe la pwani ni laini mno likilinganishwa na hayo. Inapowezekana, kodi mashine ya aina hiyohiyo kwa siku mbili na uifanyie kazi kwenye mwamba wako mwenyewe. Gharama ya kukodi ni ndogo kuliko majuto.

Wala tusimwonee muuzaji wa haidroliki. Kwa mawe makubwa yanayolala wazi juu ya ardhi, nyundo iliyofungwa kwenye mtambo wa tani 20 hufanya kazi ambayo hakuna nyundo ya mkono itakayoikaribia. Nyundo ya mkono ya umeme huchukua nafasi ya sururu, mtaimbo na nyundo ya kompresa. Haichukui nafasi ya mtambo huo.

Umeme utoke wapi

Lita moja ya dizeli ina nishati ipatayo kilowati-saa 10, na injini nzuri huifanya takriban theluthi moja ya hiyo kuwa kazi. Jenereta ndogo hutoa pungufu zaidi. Kwa hiyo anayehamia nyundo ya umeme huku akiendelea kuiendesha kwa jenereta ya dizeli amepata unafuu katika matengenezo, na katika mafuta pia ikiwa mwanzo alikuwa na kompresa kubwa. Lakini asitarajie akiba ile inayotangazwa kwa walio kwenye gridi. Achukue bei ya uniti anayolipa, ailinganishe na bei ya lita moja igawanywe kwa 3, na ukweli utajitokeza.

Jenereta isiteremshwe shimoni kamwe, wala isiwekwe mdomoni mwa shimo. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua kabla mtu hajatambua kwamba anapungukiwa. Ikae mbali, upande ambao upepo unatoka shimoni kuelekea kwake, na kinachoingia shimoni kiwe ni waya peke yake.

Waya nao una hesabu yake. Nyundo ya wati 2,000 kwa volti 230 huvuta ampea karibu 9. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 100, volti 20 hupotea njiani. Mota hulegea, hupata moto, na hatimaye huungua. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupunguza upotevu huo hadi volti 12 hivi. Fundi anayeambiwa kwamba mashine imeungua ndani ya mwezi mmoja na aulizie kwanza urefu na unene wa waya, kabla ya kulaumu kiwanda. Ekstensheni ya nyumbani isitumike mgodini hata kidogo.

Mashine za mtumba zinahitaji tahadhari ya pekee. Umeme wetu ni wa volti 230. Nyundo nyingi zinazotoka katika maeneo ya ujenzi ya Uingereza zina plagi ya njano na hutumia volti 110, kupitia transfoma. Mnunuzi asiye na habari hukata plagi ile na kufunga ya kawaida, na mashine huteketea mara ya kwanza inapowashwa. Hasara nyingine haionekani: transfoma ile ilibuniwa ili mtu akiguswa na waya mmoja huku amesimama ardhini, apatwe na volti 55 tu badala ya 230. Kwa shimo lenye unyevu, huo ni ulinzi wa thamani. Nunua mashine pamoja na transfoma yake, au usiinunue.

Kwa mashine ya volti 230, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA afunge swichi ya kinga inayokata umeme pale unapovuja miliampea 30. Tunalisisitiza hili kwa sababu linaachwa mara nyingi kwa kisingizio cha gharama. Alama ya mraba ndani ya mraba juu ya mashine humaanisha kwamba ina tabaka mbili za ukinzani na haihitaji waya wa ardhini. Haimaanishi kwamba inaweza kufanya kazi ndani ya maji.

Mikono na mapafu

Umeme huondoa moshi, lakini hauondoi vumbi. Vumbi la mwamba wenye silika huharibu mapafu polepole, na madhara yake hayatibiki. Maji yanyunyizwe juu ya jiwe, si juu ya mashine, na barakoa iwe ya kuzuia vumbi laini; kitambaa hakitoshi.

Mtetemo ndio unaosahauliwa kuliko yote. Kwenye kijitabu cha mashine huandikwa kwa mita kwa sekunde mraba. Sheria ya Ulaya humtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa siku ya saa nane unapofika 2.5, na humkataza kupita 5. Mashine yenye mtetemo wa 10 hufikia kiwango cha kwanza kwa nusu saa ya kupiga, na kikomo kwa saa mbili. Ikiwa kijitabu hakitaji mtetemo kabisa, huenda haukupimwa, na vidole vya mfanyakazi ndivyo vitakavyoupima kwa kufa ganzi na kupauka.

Hati za kudai

Dai risiti ya EFD yenye jina kamili la mashine, namba yake ya utambulisho, na zile namba tatu tulizozieleza. Ahadi ya mdomo kwamba mashine inavunja mwamba mgumu iandikwe kwenye hati ya mauzo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Maelezo yasiyoandikwa ni magumu kuthibitisha. Dhamana itaje muda, mahali pa matengenezo, na anayelipa usafiri wa kilo 30 za chuma kutoka mgodini hadi mjini na kurudi. Ulizia papo hapo bei ya brashi za kaboni, sili na patasi, uone zikiwa rafuni.

Mashine ikishindwa kufanya kazi iliyoahidiwa, acha kuitumia, usiifungue, ipige picha pamoja na kibandiko chake, na umwandikie muuzaji barua yenye tarehe. Asipotekeleza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kibandiko kikiwa cha kughushi au mashine ikiwa hatari, Shirika la Viwango Tanzania nalo lijulishwe. Nakala ya barua na risiti ziende pamoja na malalamiko. Nakala halisi zibaki mikononi mwa katibu wa kikundi.