Kumsemea kiziwi kwa daktari ni kubeba amana

Mgonjwa asiyesikia anapofika zahanati, mara nyingi huja na mtu wa kumsemea. Huenda ni mama yake, kaka yake au mtoto wa shule. Lile analoliacha msemaji huyo, daktari halijui. Na lile analolifupisha, mgonjwa halipati. Juu ya jambo hili iko kazi moja inayofanywa Marekani ambayo ina mafunzo makubwa kwetu, nayo ni kazi ya opereta wa simu za viziwi.

Mwaka 1964, mwanafizikia Robert Weitbrecht, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, alitengeneza kifaa kilichowezesha mashine mbili za kuandikia kuwasiliana kwa njia ya simu. Lakini wengi wanaosikia hawakuwa na mashine hizo, hivyo akahitajika mtu wa kati. Sheria ya haki za walemavu ya mwaka 1990 iliyataka makampuni ya simu yatoe huduma hiyo nchi nzima kufikia mwaka 1993. Mwaka 2001 ikapewa namba fupi, 711.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kiziwi anaandika, opereta anamsomea daktari kwa sauti. Daktari anajibu, opereta anaandika. Kila mmoja husubiri zamu yake. Siku hizi viziwi wengi hutumia simu za video, na aliye katikati huwa mkalimani wa lugha ya alama.

Opereta ana masharti mazito. Haruhusiwi kuongeza, kupunguza wala kubadili maneno kwa makusudi. Kiziwi akiandika "naumwa tumbo", hasemi "anasema anaumwa tumbo", bali husema "naumwa tumbo". Daktari akimwambia "usimwambie hili", nalo huandikwa, kwani kila linalosikika ni haki ya kiziwi. Aidha, ni marufuku kutoa siri ya mazungumzo, na simu ikiisha habaki na kumbukumbu yake. Mpigaji anaweza pia kuomba opereta wa jinsia anayoitaka, na kampuni hutakiwa kujitahidi kumpatia. Mama mwenye maradhi ya uzazi ataona mara moja faida ya sharti hilo.

Sasa tutazame majumbani mwetu. Mgonjwa anaeleza kwa ishara kuwa anatokwa na damu anapokwenda haja kubwa. Msemaji anaona haya, anasema "tumbo linamsumbua". Daktari naye anatoa dawa ya tumbo, na ugonjwa unaendelea kukomaa. Au daktari anasema "kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku saba, hata kama umepata nafuu". Msemaji anamwonyesha ishara ya kumeza tu. Siku ya tatu mgonjwa anaacha dawa. Hapo msemaji hakukusudia ubaya, lakini amana imepotea njiani.

Hivyo basi, ukimsindikiza kiziwi hospitali, zingatia haya:

1. Fikisha yote, hata yenye kuona haya.

2. Usimjibie. Akiulizwa, muulize, naye ajibu mwenyewe.

3. Mwombe daktari amtazame mgonjwa anapozungumza, si wewe.

4. Mambo ya mwanamke yasemewe na mwanamke. Mtoto asibebeshwe habari za maradhi mazito ya mzazi wake.

5. Kama mgonjwa anajua kusoma, daktari amwandikie idadi ya vidonge, saa na siku. Kisha mgonjwa mwenyewe aeleze alivyoelewa.

6. Ukitoka chumbani, yaliyosemwa yabaki humo. Usiyapeleke barazani wala kwa majirani.

Opereta hufungwa na sheria ya nchi yake. Sisi tunafungwa na amana, ambayo tutaulizwa mbele ya Allah. Kiziwi aliyekukabidhi maneno yake hana njia ya kusikia ulivyoyafikisha. Mfikishie kama alivyosema, na umrudishie kama alivyoambiwa.