Maumivu ya Kisigino na Njia za Kuyatibu

Leo tutazungumza juu ya maumivu ya kisigino, na hasa juu ya njia za kuyatibu. Walio katika vikundi vya kusikiliza, mwandishi wenu na aweke kalamu tayari, maana nitataja hesabu chache zinazofaa kuandikwa.

Maumivu ninayoyasema yana dalili zake. Mtu aamka asubuhi, aweka mguu chini, na hatua ya kwanza humchoma kisiginoni kama aliyekanyaga msumari. Akiisha kutembea kidogo maumivu hupungua. Lakini akikaa kitako kwa muda kisha akasimama, humrudia. Na jioni, baada ya kusimama kutwa, hayamwachi. Inakadiriwa kwamba katika kila watu 10, mmoja hupatwa na maumivu haya wakati fulani wa maisha yake, hasa kati ya miaka 40 na 60. Wasimamao kutwa kwenye sakafu ngumu, kama mwalimu, mlinzi na muuza duka, wamo hatarini zaidi.

Je, asili yake ni nini? Chini ya unyayo upo ukano mpana na mgumu, utokao kwenye mfupa wa kisigino ukaenda mpaka vidoleni. Kazi yake ni kama ya kamba ya upinde: huzuia mvungu wa unyayo usibonyee tunapokanyaga. Ukano huo ukivutwa mno siku baada ya siku, huchakaa pale uliposhikamana na kisigino. Waganga huuita ugonjwa huu fashaitisi. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walieleza yaliyoonekana kwa darubini katika vipande vya ukano vya wagonjwa 50 waliopasuliwa: hawakuona dalili za uvimbe, bali za kuchakaa. Jambo hili yafaa tulikumbuke, maana kitu kilichochakaa hakitengenei kwa siku moja.

Wengine hupigwa picha ya eksirei, wakaonyeshwa mfupa mdogo uliochomoza kisiginoni kama mwiba, wakadhani huo ndio uchomao. Lakini mfupa kama huo huonekana pia kwa watu wengi wasioumwa hata kidogo. Kwa hiyo, kuonekana kwake peke yake si sababu ya kukimbilia kisu.

Sasa tuje kwenye matibabu, na tuyapange kama ngazi, tukianzia chini.

Kwanza, upunguzeni mzigo. Vaeni viatu vyenye soli nene kidogo na kisigino laini, hata nyumbani. Kandambili nyembamba iliyokwisha kulika, au kutembea pekupeku juu ya saruji, huchelewesha kupona. Soli laini ya kutia ndani ya kiatu husaidia, na ile ya kununuliwa dukani kwa kawaida hufaa karibu sawa na ile ya ghali iliyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wako. Mwenye uzito uliozidi, kila kilo apunguzayo ni mzigo unaotoka kisiginoni.

Pili, unyosheni ukano. Hapa mwandishi na aandike. Kabla hujashuka kitandani, kaa, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyake, uvivute nyuma kuelekea ugoko, mpaka uone unyayo umekazana. Hesabu polepole mpaka 10, kisha legeza. Fanya hivyo mara 10, na urudie mara 3 kwa siku. Njia hii ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 101 ambao maumivu yao yalikuwa yamedumu miezi 10 au zaidi. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2003: baada ya wiki 8, walionyosha ukano wenyewe walipata nafuu kuliko walionyosha shavu la mguu tu.

Tatu, utieni mguu nguvu. Weka taulo iliyokunjwa juu ya kipandio cha ngazi, vidole vikae juu yake, na kisigino kining'inie nje. Simama kwa mguu unaouma huku umeshika ukuta. Inuka kwa kuhesabu 3, kaa juu kwa kuhesabu 2, kisha shuka kwa kuhesabu 3. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Watafiti wa Denmaki walijaribu zoezi hili kwa watu 48, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Baada ya miezi 3, waliolifanya walikuwa na nafuu kuliko walionyosha tu. Lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa.

Nne, vipo vya kutuliza. Chupa ya maji yaliyogandishwa, ukiiviringisha chini ya unyayo kwa dakika 10, hupunguza maumivu. Vidonge kama ibuprofeni hutuliza kwa muda. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo, au mjamzito asivimeze kabla ya kumwuliza mganga.

Tano, ipo sindano ya dawa ya steroidi. Tuseme mama mmoja auza chakula sokoni, asimama tangu alfajiri, na siku asiposimama watoto hawali. Huyu akisikia habari za sindano atasema, "Nichomeni leo." Hatuwezi kumlaumu. Lakini yampasa ajue anunuacho. Nafuu ya sindano mara nyingi hudumu wiki chache tu, na yaweza kudhoofisha ukano hata ukakatika, au kupunguza mafuta yaliyo chini ya kisigino kama mto. Akichomwa, na aitumie nafuu hiyo kufanya mazoezi, wala asirudie sindano mara kwa mara.

Juu ya ngazi ipo mashine ya mawimbi ya mshtuko, itumiwayo katika baadhi ya hospitali kwa maumivu yaliyodumu miezi mingi. Na mwisho kabisa, kupasuliwa. Upasuaji hufikiriwa tu baada ya njia nyingine kujaribiwa kwa bidii miezi 6 mpaka 12. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu bila kufika huko.

Lakini angalieni: si kila maumivu ya kisigino ni haya. Nenda hospitali upesi ikiwa huwezi kukanyaga baada ya kuruka au kuanguka, ikiwa mguu umevimba na una homa, au una ganzi. Mwenye kisukari asitumie barafu kwenye mguu wenye ganzi, wala asipuuze kidonda.

Basi, siri ya matibabu haya ni subira pamoja na kazi ya kila siku. Aliyeanza leo asitazamie kupona Ijumaa. Ajipime baada ya wiki 8.

Maswali kwa vikundi:

1. Kwa nini hatua ya kwanza ya asubuhi ni alama kubwa ya ugonjwa huu?
2. Mwonyesheni mwenzenu mmoja jinsi ya kunyosha ukano. Ni mara ngapi kwa siku?
3. Yule mama wa sokoni mngemshauri nini, ili apone bila kupoteza riziki yake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.