Nani Alimshinda Nani Kandokando ya Ziwa Kivu

Ukisimama Muhumba alfajiri, ukungu ungali juu ya maji, unakuwa katikati ya falme za zamani pasipo kujua. Milima iliyo nyuma yako ni Bushi, nchi ya bami, yaani wafalme, wa Kabare na Ngweshe. Maji yaliyo mbele yako yanakwenda kaskazini hadi Idjwi, kisiwa cha Wahavu. Mkono wako wa kulia, ng'ambo ya Ruzizi, ni Rwanda. Na hapo ulipokanyaga, kabla ya lami na majumba, palikuwa malisho: wazee wanasema jina Bukavu limetoka kwa nkafu, ng'ombe kwa lugha ya Mashi.

Mtoto wa Kadutu hapa Bukavu atakueleza habari za Léopold wa Pili bila kusita. Muulize Kabego alikuwa nani, atakutazama tu. Hilo linaniuma, maana ziwa hili lilikuwa na washindi na washindwa wake muda mrefu kabla Mzungu hajapiga hema ufukweni. Nimekusanya hapa vinara wao, wa kabla ya ushindi wa wageni na wa baada yake.

Ngoma iliyopotea kwa uchungu kuliko zote

Huku kwetu mfalme asiye na ngoma alikuwa mtu kama wewe na mimi. Kwa Kinyarwanda neno moja, ingoma, ni chombo na ni utawala pia. Ndiyo maana pigo zito kuliko yote ambalo upande wetu wa ziwa uliwahi kuipiga Rwanda linakumbukwa kwa ngoma moja iliyoitwa Rwoga. Masimulizi ya Wanyarwanda wenyewe yanasema Ntsibura, mfalme kutoka ng'ambo hii waliyoiita Bunyabungo, aliwavamia, akamwua mfalme wao Ndahiro Cyamatare, akaondoka na Rwoga. Nchi ikakaa bila ngoma, na wasimulizi wanahesabu miaka 11. Ruganzu Ndori aliporudi kuuinua ufalme hakuipata ngoma ya baba yake. Akasimamisha nyingine, Kalinga, na hiyo ndiyo iliyobaki alama ya utawala hadi ufalme wa Rwanda ulipofutwa mwaka 1961.

Wanahistoria wametuonya tusiyameze masimulizi ya zamani hivyo mazima mazima, na wana haki. Lakini mimi nayapa uzito kwa sababu moja: waliotunza habari hii kwa makini ni wale walioshindwa. Na nasaba ya bami wa Buhavu na Idjwi mpaka leo inaitwa Basibula, kwa jina la Ntsibura huyohuyo.

Mshindi mkubwa kuliko wote, na mahali alipokwama

Kigeli Rwabugiri hana mpinzani katika orodha hii. Alitawala Rwanda katika theluthi ya mwisho ya karne ya 19, na karibu kila mwaka jeshi lake lilikuwa njiani: Nkore upande wa kaskazini-mashariki, Idjwi ziwani, Bushi ng'ambo. Makao yake yalihamahama pamoja na vita. Alijenga Rubengera na Nyamasheke karibu na maji ili aitazame magharibi kwa macho yake mwenyewe.

Bushi ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa nchi iliyogawanyika, Kabare na Ngweshe wakitoka nyumba moja na kugombana kama ndugu wanavyogombana, na bado kila mara mfalme huyo alipovuka hakuweza kukaa. Mahali panapoitwa Kanywiriri jeshi lake lilipata kipigo ambacho Wanyarwanda wamekihifadhi katika masimulizi yao kama msiba wa taifa. Mtu mwingine angeacha. Rwabugiri alirudi tena na tena, akachoma, akateka ng'ombe, akaweka watu wake, na watu wake wakaondolewa.

Septemba 1895 alikuwa anajiandaa tena dhidi ya Bushi. Alifia ziwani, upande wa Nyamasheke, safari ikiwa bado mwanzoni. Habari za kifo chake zilipoenea, watu wake waliokuwa huku ng'ambo walirudi kwao, na mwaka uliofuata, Desemba 1896, wana wa ufalme wake waliuana wenyewe kwa wenyewe Rucunshu wakigombea kiti. Miaka yote ya vita vya magharibi haikumwachia hata kilima kimoja huko Bushi.

Kisiwa kilichotekwa mara nyingi zaidi

Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe wa Tanzania tu unaoizidi Idjwi kwa ukubwa. Ufalme wake ulikuwa mchanga: uliundwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Mwendanga, mtu wa Basibula aliyesimama kwa msaada wa ukoo wa mama yake, Banyambiriri. Mwanawe Kabego alitawala kisiwa kilicholindwa na maji. Jeshi la Rwanda lilikuwa jeshi la nchi kavu, na mawimbi ya Kivu hayaheshimu mkuki.

Ilimlazimu Rwabugiri atafute mitumbwi. Na alipata kitu kikali kuliko mitumbwi: mwana wa Kabego mwenyewe, Nkundiye, aliyejiunga na upande wa Rwanda. Kabego akauawa, kisiwa kikatekwa. Nkundiye naye baadaye aligeuka dhidi ya waliomsaidia, akaangamizwa. Kisha 1895 ikafika, Wanyarwanda wakaondoka, na Katobo, wa ukoo wa Kabego, akarudisha nyumba ya baba zake.

Watu wa Idjwi hawakupumzika. Wajerumani na Wabelgiji walikigombania kisiwa hicho hadi mkataba wa 1910 ulipokiweka upande wa Kongo. Septemba 1914, vita vya dunia vikiwa na wiki chache tu, Wajerumani walikivamia na kukikalia hadi 1916. Hesabu mwenyewe: Rwanda, Ujerumani, Ubelgiji, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Bibi aliyezaliwa chini ya Kabego angeweza kuwaona wote.

Mpaka uliochorwa mapema kuliko wote

Rekodi hii ndiyo inayonikasirisha. Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza mipaka yake, na upande wa mashariki ukachorwa mstari ulionyooka kuelekea ncha ya kaskazini ya Tanganyika. Mzungu wa kwanza anayejulikana kuliona Ziwa Kivu ni Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyekutana na Rwabugiri mwaka 1894. Yaani ramani ilitangulia macho kwa miaka 9. Livingstone na Stanley walikuwa wameishia kusini mnamo 1871, walipothibitisha kwamba Ruzizi unaingia Tanganyika. Unakotoka hawakufika.

Mstari huo haukuwafaa wenyewe. Askari wa Dhanis, afisa wa Dola Huru, walipoasi mwaka 1897 na Dola Huru ikayumba huku mashariki, Wajerumani walisogea hadi Ruzizi. Mabishano yakaendelea miaka kumi na zaidi, wakituma wapima ardhi, wakiweka kambi zikitazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Tarehe 11 Agosti 1910 wakakubaliana: Ruzizi na katikati ya ziwa. Rwabugiri na maelfu ya mikuki hakuweza kuutenganisha ukoo wa Bushi na shemeji zake wa Kinyaga, ng'ambo ya Rwanda, kwa zaidi ya msimu mmoja. Karatasi ile imewatenganisha zaidi ya miaka 110. Leo mama anayevuka Ruzizi na kapu la nyanya anasimama foleni akiwa na karatasi mkononi ili afike mahali ambapo bibi yake alienda kusuka nywele.

Aliyekataa kwa muda mrefu zaidi

Kabare. Wabelgiji walipoweka kituo chao ukingoni mwa ziwa, mwanzoni mwa karne ya 20, Mwami Rutaganda hakushuka kuwapokea. Alipigana, akajificha milimani, akarudi, na miaka ikapita wakiwa hawajamtuliza. Mwanawe Alexandre Rugemaninzi alirithi kiti na ukaidi. Katika miaka ya 1930 utawala wa kikoloni ulimwondoa na kumpeleka Léopoldville, mbali kabisa na ng'ombe wake, akakaa huko zaidi ya miaka 20, na alirudi uhuru ulipokuwa unabisha hodi. Waliomfukuza walikuwa wameuita mji ulio chini ya mlima wake Costermansville, kwa jina la afisa wao Paul Costermans. Jina hilo lilidumu tangu 1927 hadi miaka ya 1950, halafu ng'ombe akashinda, pakawa Bukavu tena. Nalihesabu hilo kuwa ushindi wa Kabare.

Fedha nyepesi kuliko zote

Falme zilipigana, wachuuzi hawakuacha kuvuka. Bidhaa yao kubwa ilikuwa butega: vikuku vyembamba vilivyosukwa na Watembo wa msituni kwa nyuzi za mimea, magharibi ya ziwa. Kimoja hakina uzito wowote, ukikiweka kiganjani upepo unakichukua. Lakini wanawake wa Rwanda walivivaa kwa mamia, kimoja juu ya kingine, kuanzia kifundo cha mguu kupanda juu, mpaka mwendo wao ukabadilika. Vilifungwa mafungu mafungu, vikabadilishwa kwa mbuzi na hata kwa ng'ombe, na vilikubaliwa na watu ambao hawakusikizana kwa jambo jingine lolote. Wakati mfalme mmoja alikuwa anachoma vijiji vya mwenzake, fungu la butega lilikuwa na thamani pande zote mbili.

Kilichodumu kuliko wafalme

Hapa tuzo naipa kalinzi. Katika Bushi, mtu aliyetaka ardhi ya kudumu alikwenda kwa mwami au kwa mkubwa wa kilima, akatoa ng'ombe, na mbele ya mashahidi akapewa shamba ambalo watoto wake wangerithi. Asiye na ng'ombe alipata bwasa, ruhusa ya kulima kwa muda. Ng'ombe yule hakuwa bei. Alikuwa ushahidi unaotembea: ndama wake walijulikana, na ugomvi ulipotokea wazee waliwataja mmoja mmoja.

Rwabugiri aliikuta kalinzi akaiacha. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ikapewa uwezo juu ya eneo kubwa mno, na mashamba ya kahawa, chai na kwinini yakalala juu ya vilima ambavyo vilikuwa vimeshatolewa ng'ombe. Mwaka 1973 sheria ya Zaire ikasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Bado nenda Walungu leo, kaa na watu wawili wanaogombania mtaro wa maji kati ya mashamba yao. Baada ya karatasi zote kuwekwa mezani, mzee mmoja atauliza: nani alitoa kalinzi, na kwa nani? Watu wananyamaza, wanamsikiliza.



Kama una bibi au babu aliye hai Kabare, Ngweshe, Kalehe au Idjwi, usingoje likizo nyingine. Muulize ni mwami gani alimpa babu yake shamba, na ng'ombe aliyetolewa alikuwa wa rangi gani. Andika jibu lake, na tarehe uliyomuuliza.