Kujinyima Chakula Si Siha

Wapo wanafunzi wanaojinyima chakula ili wakonde. Laiti wangalijua! Mnamo 1944 na 1945, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia wanaume 36 wenye afya chakula hadi takriban nusu kwa majuma 24. Walikonda, naam, lakini walidhoofika, wakahisi baridi, wakasononeka na kuwaza chakula usiku na mchana. Mwanafunzi wa hali hiyo atasoma nini? Isitoshe, mwili wenye njaa hubana matumizi, na uzito hurudi upesi mlo unaporejea. Heri ugali wa kiasi, maharagwe, sukuma wiki na tunda. Soda na iachwe. Walimu, tusipowaonya mapema, tutawafundisha vijana wasioweza kusikiliza.