Kambi Ndogo Shambani: Pesa Iingie, Mgeni Alale Salama

Ni Ijumaa ya mwezi wa kumi na mbili, saa moja jioni. Gari linalovuta trela linaingia polepole kwenye shamba la ekari mbili, juu kidogo ya Ziwa Naivasha. Ndani mna baba, mama na watoto watatu. Mdogo ameshalala.

"Hodi hapa! Mama, tumefika. Sisi ndio wale watu watano kutoka Nairobi, tulibuku wiki jana."

"Karibuni. Mlibuku kwa jina gani?"

Mama mwenye shamba anafungua daftari lake. Anapekua ukurasa wa kwanza, wa pili. Jina halipo.

"Lakini tulishatuma elfu sita, mama. Meseji hii hapa."

Anaisoma. Namba iliyopokea pesa si yake, na jina lenyewe halijui. Kumbe kuna mtu alichukua picha za shamba lake mtandaoni, akafungua ukurasa wenye jina linalokaribiana na lake, kisha akaweka namba yake mwenyewe ya simu. Nafasi za mama ni tano tu, na usiku huo zote zimejaa.

Hakuna aliyefukuzwa. Trela iliegeshwa karibu na jikoni na watoto wakapewa uji. Wazazi walipopiga simu kwa huduma kwa wateja, pesa ilikuwa imeshatolewa. Mama naye hakuwalipisha. "Walidanganywa kwa jina la shamba langu," alituambia. "Ningewaambia warudi Nairobi usiku na watoto?"

Kwa hiyo tapeli mmoja aliwaumiza watu wawili kwa mpigo mmoja. Makala hii ni ya wote wawili: wewe unayetaka kupokea wageni shambani, na wewe unayetafuta mahali pa kusimamisha hema au trela wikendi.

Ndogo ni ngapi?

Biashara hii si lazima iwe kubwa. Kule Uingereza, ambako watu wengi husafiri na karavani, sheria ya mwaka 1960 inaruhusu vyama vya wasafiri vilivyotambuliwa kuidhinisha mashamba madogo yapokee wanachama wao. Kiwango ni karavani 5 kwa wakati mmoja. Mkulima anaendelea na ng'ombe wake, na kona moja ya shamba inamletea pesa ya ziada.

Hapa kwetu karavani ni chache. Wageni wengi huja na mahema, magari yenye hema juu ya paa, au trela ndogo. Wengine ni wasafiri wa mbali wanaoteremka kutoka Ethiopia kupitia Moyale, Marsabit na Isiolo, barabara ambayo sasa ni lami, kisha wanapumzika pande za Nanyuki kabla ya kuendelea kusini. Hawa hawatafuti hoteli. Wanataka maji, choo safi, usalama na mtu mwaminifu.

Nafasi tano ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukizidisha bila kujipanga, choo kinajaa, maji yanaisha, na majirani wanaanza kulalamika kuhusu kelele.

Mwenye shamba: angalia ardhi kwanza

Tembea shambani baada ya mvua kubwa, usingoje kiangazi. Udongo mweusi unaonata ni mtego: gari linaingia Ijumaa pakiwa pakavu, mvua inanyesha Jumamosi, na Jumapili unatafuta trekta la jirani. Kama una kipande chenye mawe au kokoto, hapo ndipo pa kuegesha magari. Acha nafasi ya trela kugeuka bila kurudi nyuma kwa umbali mrefu.

Kivuli ni kizuri, lakini tazama juu. Tawi kavu la mgunga likianguka usiku halichagui hema. Likate kabla mgeni hajaja.

Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Kuhusu ziwa, usitamani sana ukingo. Maziwa ya Bonde la Ufa, Naivasha likiwemo, yalipanda sana kuanzia 2019 na 2020, na watu wengi waliojenga karibu na maji waliyaona yakiingia uani. Tena viboko hutoka usiku kula majani. Kama shamba lako linapakana na ziwa, ua imara ni sharti, na mgeni aambiwe waziwazi asitembee ukingoni baada ya giza kuingia.

Usisahau karatasi. Utahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na uulize Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii kuhusu leseni, kwa sababu ndiyo inayosimamia biashara za utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Uliza mapema. Faini ni ghali kuliko nauli ya kwenda kuuliza.

Piga hesabu bila kujidanganya

Huu ni mfano tu, weka namba zako. Tuseme una nafasi 5, kila moja ina watu wazima wawili, na kila mtu analipa shilingi 1,000 kwa usiku. Ukijaza zote, usiku mmoja ni 10,000. Lakini wageni wengi huja wikendi, na si kila wikendi utajaza. Hesabu usiku 8 kwa mwezi ukiwa umejaza nusu: 5,000 mara 8 ni 40,000.

Sasa toa gharama:

- Mlinzi wa usiku, 1,000 mara 8: 8,000
- Mtu wa usafi, 800 mara 8: 6,400
- Maji ya bauza: 5,000
- Kuni, sabuni na karatasi za choo: 4,000

Jumla ni 23,400. Zinabaki 16,600, kabla ya vibali, ukarabati na ushuru. Si mbaya kwa kona ya shamba, ila pia si pesa ya kuchukulia mkopo mkubwa mwezi wa kwanza. Anza na choo na maji. Bendera na taa za rangi zitakuja baadaye.

Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo ni asilimia 3 kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Katika mfano huu unauza 480,000 kwa mwaka, lakini jumlisha na mapato mengine ya biashara yako, kisha zungumza na mhasibu.

Pesa: mambo matano ya kushika

1. *Tumia till namba au paybill yenye jina la kambi.* Mgeni akiona jina lilelile kwenye bango la lango, kwenye ukurasa wako na kwenye simu yake, atalipa bila wasiwasi. Namba yako ya kibinafsi inafanana na namba ya tapeli yeyote.

2. *Andika masharti ya malipo ya awali.* Kwa mfano: asilimia 30 kushikilia nafasi, salio ukifika. Akighairi siku 7 kabla, anarudishiwa zote. Siku 2 kabla, nusu. Mtumie masharti kabla hajalipa. Mvua ikiharibu barabara, amua mapema kama utarudisha pesa au utamhamishia tarehe nyingine. Ugomvi mwingi huanzia kwa jambo ambalo halikusemwa.

3. *Amini akaunti yako, usiamini simu ya mgeni.* Meseji ya malipo inaweza kughushiwa. Hakikisha pesa imeingia kwa kuangalia salio au taarifa ya akaunti yako. Kama wewe hushindi shambani, uliza jinsi ya kumwongeza mfanyakazi apate meseji za malipo bila uwezo wa kutoa pesa. Usimpe PIN, hata kama ni mtoto wa dada yako.

4. *"Nimetuma kimakosa, nirudishie."* Usirudishe kwa namba mpya anayokutajia. Mwambie apige simu kwa huduma kwa wateja ili muamala urudishwe kwa njia rasmi. Kama kweli alikosea, hatapoteza chochote kwa kufuata njia hiyo.

5. *Tenga pesa ya kambi na pesa ya nyumbani.* Ukinunua unga kwa pesa ya wageni, mwisho wa mwezi hutajua kama kambi inakulisha au wewe unailisha.

Jambo moja tena: daftari la wageni si la kuachwa wazi mezani. Majina, simu na namba za vitambulisho vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Andika unachohitaji tu, na usipige picha kitambulisho cha mtu ukaitupa kwenye grupu la WhatsApp.

Mgeni: chagua hivi

Usichague kwa picha pekee. Piga simu, na uulize maswali ambayo mwenye shamba wa kweli atajibu bila kufikiria:

- Kutoka barabara ya lami hadi hapo ni kilomita ngapi, na gari dogo litafika mvua ikinyesha?
- Maji ni ya bomba, kisima au bauza? Ya kunywa nibebe?
- Mlinzi anakesha, au analala?
- Mtandao unashika? Kama haushiki, nilipe salio kabla sijafika?
- Nyinyi mnapokea magari mangapi kwa usiku mmoja?

Tapeli hupenda kuharakisha: "Nafasi imebaki moja, tuma sasa hivi." Mwenye shamba atakuambia kuhusu lile daraja bovu, mbwa wake, na mahali pa kununua mkaa.

Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama ni jina la mtu usiyemjua badala ya jina la kambi, simama. Piga namba iliyo kwenye chanzo kingine, au muulize mtu aliyewahi kulala hapo. Ukigundua umetuma kwa tapeli, piga simu kwa huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, kisha uripoti polisi. Kila dakika unayopoteza ni nafasi ya yeye kutoa pesa.

Usiku: usiingize jiko ndani

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, hasa mwezi wa saba. Ndiyo maana watu huvuta jiko la makaa ndani ya hema au karavani "lipashe joto kidogo". Usifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu hupoteza fahamu akiwa usingizini bila kujua. Hata makaa yanayoonekana kama yamezimika bado yanatoa gesi hiyo.

Mwenye shamba, hili si jambo la kumwachia mgeni. Kusanya majiko saa nne usiku, na uwe na blanketi za ziada za kukodisha. Shilingi 200 kwa blanketi ni mapato kwako, na ni uhai kwa mgeni.

Yule mama alibadilisha nini?

Jumatatu iliyofuata alienda kufungua till yenye jina la shamba. Akaandika till namba hiyo kwa rangi nyeupe kwenye ubao mweusi, akaupigilia langoni. Kwenye ukurasa wake akaweka mstari mmoja juu kabisa: "Hatupokei malipo kwa namba ya mtu binafsi." Aliripoti ule ukurasa bandia na kuwaomba wageni wake wa zamani nao wauripoti.

Ile familia ilirudi mwezi wa nne. Safari hii baba alimpigia simu kabla ya kubonyeza chochote.

"Mama, naona jina la shamba hapa kwenye simu. Ni lenyewe?"

"Ndilo hilo, baba watoto. Tuma. Na mje na gambuti, huku kumenyesha."